Nguvu ya Kuegemea: Wamarekani katika Bandari ya Unguja

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alipofika Unguja Januari 1828, akitokea Mombasa ambako alikuwa akigombania mji na akina Mazrui, alimkuta bandarini Mmarekani mwenye manung'uniko. Edmund Roberts wa Portsmouth, New Hampshire, alikuwa amerithi mali nyingi ujanani, kisha akaiona ikipotelea baharini meli zake zilipokamatwa katika vita vya mataifa ya Ulaya. Shehena aliyoileta Unguja ilikuwa jaribio la mtu aliyekwisha kukaribia kufilisika. Sasa akaambiwa hawezi kumuuzia amtakaye. Mzigo sharti upite kwa mawakala wa Sultani, tena kwa bei yao.

Roberts akayapeleka malalamiko kwa Said mwenyewe, na Said hakuudhika. Alikuwa na haja zake. Vita vya Mombasa vilidai baruti na makombora, nao Waingereza, marafiki zake wa siku nyingi, walikuwa wamekwisha kumtilisha saini mkataba wa 1822 wa kupunguza biashara ya watumwa na hawakuonyesha dalili ya kuishia hapo. Mgeni asiye na koloni hata moja upande huu wa dunia, mwenye meli, nguo na bunduki za kuuza, alistahili kusikilizwa. Mmoja alitaka soko, mwingine alitaka silaha na rafiki mpya. Maongezi yao ndiyo yaliyozaa uhusiano ambao mhadhara huu unauchunguza.

Habari za kupanuka kwa Marekani ng'ambo huanziwa aghalabu mwaka 1898, Ufilipino na Puerto Rico zilipotwaliwa kutoka kwa Hispania. Huo ni mwanzo wa bendera. Biashara ilikuwa imetangulia miaka 70 kabla, na Unguja ni mahali pazuri pa kuitazama kwa sababu Marekani haikuweka gavana pale, haikujenga ngome, haikudai hata shamba la minazi. Ilipata ilichokitaka kwa kuegemea nguvu za wengine: dola ya Waomani, forodha ya Wahindi, mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi. Wapo wanaoiita biashara hiyo safi, isiyo na doa la ukoloni. Wapo pia wanaoiona kama ukoloni uliojificha. Ushahidi wa Unguja hauwapi ushindi hao wala hawa.

Roberts alirudi kwao na kumwandikia Levi Woodbury, seneta wa jimbo lake. Woodbury alipopewa Wizara ya Majeshi ya Majini chini ya Rais Andrew Jackson, barua ile ikapata miguu. Mwaka 1832 Roberts akapanda manowari iitwayo Peacock, akiwa ameandikishwa kama karani wa nahodha ili mataifa mengine yasijue shughuli yake. Vietnam alitoka mikono mitupu. Siam alifanikiwa, Machi 1833. Na tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, yeye na Said wakatia saini mkataba ambao Mwingereza hakuwa na mfano wake hadi 1839, na Mfaransa hadi 1844.

Masharti yake yalikuwa mepesi kiasi cha kushangaza. Meli ya Marekani italipa ushuru wa asilimia 5 kwa mzigo inaoushusha, basi. Itamuuzia imtakaye na kununua kwa imtakaye, isipokuwa bunduki na baruti, ambazo kisiwani Unguja zitauzwa kwa serikali peke yake. Marekani itaweka konseli, na konseli huyo ndiye atakayeamua mashauri ya Wamarekani wao kwa wao. Kipengele hiki cha mwisho kilipita bila kelele, kumbe ndicho kilichong'oa jino la kwanza la mamlaka ya Sultani juu ya wageni. Wazungu waliofuata nao wakadai haki hiyo hiyo.

Kilichomfurahisha Roberts zaidi kilihusu meli zinazovunjika. Yeye alipendekeza kwamba Marekani itarudisha gharama za kuwatunza mabaharia wake watakaookolewa. Said akalikataa pendekezo hilo: mgeni aliyepatwa na janga hulishwa, halipishwi. Mwaka 1835 Peacock, ikirudi na mkataba uliothibitishwa, ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, na mabaharia wakatupa mizinga baharini ili ielee. Said akapeleka msaada, na baadaye mizinga ile ikaopolewa na kurudishwa kwa wenyewe bila malipo. Roberts hakuishi kuona faida ya kazi yake. Alifariki Macau 1836.

Bandari iliyovuna zaidi ilikuwa Salem, mji mdogo wa Massachusetts kaskazini ya Boston. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 ziliingia Unguja meli za kigeni 41, na 32 kati yake zilikuwa za Marekani. Za Waingereza zilikuwa 7 tu. Wenye meli wa Salem, akina John Bertram, Michael Shepard na David Pingree, hawakuwa matajiri wakubwa wa Marekani. Bandari yao ilikuwa inazeeka, meli kubwa zimehamia Boston na New York, na ndiyo maana waling'ang'ania soko ambalo wakubwa walilidharau. Mwandishi Nathaniel Hawthorne, aliyefanya kazi katika forodha ya Salem kuanzia 1846 hadi 1849, aliikuta gati ikiwa na usingizi mwingi kuliko meli. Miongoni mwa chache zilizotia nanga zilikuwamo za kutoka Unguja.

Zilileta nini? Pembe za ndovu, ngozi za ng'ombe, karafuu kidogo, na sandarusi. Sandarusi hukumbukwa na wachache leo, ingawa kwa miaka mingi ndiyo iliyoipa Salem jina katika biashara ya vanishi. Ni utomvu wa miti iliyokufa zamani, ukachimbwa ardhini huko Mrima nyuma ya Bagamoyo na Saadani, ukapelekwa Unguja kwa mashua na kupimwa kwa frasila. Ukitoka mchangani umevaa ganda la udongo. Salem palikuwa na kiwanda cha kuusafisha: vipande vililowekwa katika maji ya magadi, vikasuguliwa kwa brashi, na chini ya ganda ikatokea rangi ya asali, juu yake vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kwa vipele hivyo mnunuzi alijua mali ni ya Unguja. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1861 ilipoufanya mzigo mchafu kuwa ghali kuuingiza, usafishaji ukahamia Unguja kwenyewe. Mistari michache ya sheria iliyoandikwa Washington ikawapa kazi watu wa Forodhani na kuwanyang'anya watu wa Salem.

Konseli wa kwanza kufika, Richard Waters, aliteremka Unguja mwaka 1837. Serikali yake haikumlipa mshahara. Alitegemewa aishi kwa ada na kwa biashara yake mwenyewe, kwa hiyo mtu aliyepaswa kusimamia haki kati ya wafanyabiashara alikuwa mfanyabiashara mshindani. Waters alikuwa Mkristo mkali na mpinzani wa utumwa. Katika shajara yake aliandika kwa uchungu juu ya watumwa aliowaona wakishushwa kutoka majahazini. Asubuhi iliyofuata alikwenda kazini, na kazini kwake kulikuwa kwa Jairam Shivji.

Jairam, Mhindi wa Kachchh, alikuwa ameikodi forodha yote ya Sultani: alimlipa Said fedha ya mwaka, kisha ushuru wote ukawa wake. Mizani yake ndiyo iliyopima, wachukuzi wake ndio waliobeba, na Wahindi wenzake waliokuwa Mrima walimsikiliza yeye. Waters aliona mapema kwamba uhuru wa kuuza kwa amtakaye, ule alioupigania Roberts, una faida ndogo kuliko urafiki na mtu huyu mmoja. Wakapatana. Meli za upande wa Waters zilipata mzigo upesi. Za wengine zikangoja. Waingereza walilalamika, na Wamarekani wasiokuwamo katika mapatano hayo wakalalamika zaidi. Mkataba ulifungua mlango, konseli akasimama mlangoni. Alirudi kwao mwaka 1844 akiwa tajiri.

Safari ilielekea upande wa pili pia, mara moja. Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Said iitwayo Sultana ilitia nanga New York, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Ilikuwa na tende, kahawa ya Mocha na mazulia ya Kiajemi iliyopakia upande wa Maskati, na pembe, sandarusi, karafuu na ngozi za Unguja. Kwa Rais Martin Van Buren ilibeba farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali za kashmiri, mafuta ya waridi na upanga uliopambwa dhahabu. Zawadi zile zikazusha kizaazaa, kwani katiba ya Marekani inamkataza rais kupokea kitu kwa mtawala wa kigeni bila idhini ya Bunge. Van Buren akataka kukataa. Wajumbe wakahofia kumvunjia heshima Said. Mwisho farasi wakapigwa mnada na vitu vingine vikawa mali ya taifa. Sultana yenyewe, iliyofika imechakaa, ilitengenezwa bure katika karakana ya jeshi la majini huko Brooklyn, pengine kwa kukumbuka mizinga ya Peacock. Mchoraji Edward Mooney alimchora Ahmad akiwa na kilemba na mshipi wake, ndevu nyeusi, macho makali, na sura hiyo inatazamwa hadi leo. Lakini safari ile haikugeuka kuwa njia ya kudumu. Biashara iliendelea kusafiri katika meli za Salem.

Na iliingia bara ikiwa nguo. Wenyeji waliiita merikani: kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito, cha kudumu, kilichofumwa Lowell na baadaye Salem kwenyewe, ambako kiwanda cha Naumkeag cha kuendeshwa kwa mvuke kilianza kazi 1847. Manchester ilijaribu kuiga. Lakini kitambaa cha kuiga kilitiwa wanga ili kionekane kizito, na kikifuliwa mara moja kinabaki uzi na hewa. Mnunuzi wa Tabora hakuwa mjinga. Aliisugua nguo kwa vidole kabla ya kukubali. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka Unguja kwenda Ujiji mwaka 1857, aliandika kurasa nyingi juu ya nguo hizi kwa sababu bila kuzijua msafara usingefika popote. Merikani ilikuwa fedha. Shuka ilikuwa mikono minne, shuka mbili doti, na mafungu ya doti yakafanya jora. Kwa doti alilipwa mpagazi posho, kwa doti lilinunuliwa tango na mtama, na kwa majora ililipwa hongo ya Ugogo, ambako watemi walijua thamani ya maji yao na hawakuona haya kuitoza. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akijiandaa kumtafuta Livingstone, alikaa nyumbani kwa konseli wa Marekani, Francis Webb, na sehemu kubwa ya fedha za gazeti lake la New York ilikwenda kwenye nguo, shanga na nyaya.

Fikiria pamba hiyo ilikotoka. Ilichumwa Mississippi, Alabama na Georgia na watu waliokuwa watumwa. Mwaka 1860 watumwa wa Marekani yote walikuwa karibu milioni 4. Ikafumwa Massachusetts, jimbo lililojivunia wapinga utumwa wake. Ikasafirishwa Unguja, ikanunua pembe ambazo nyingine zilibebwa hadi pwani na mateka, na wengi wa mateka hao waliishia kuchuma karafuu katika mashamba ya Unguja na Pemba. Katika mnyororo huo wote, wafanyabiashara wa Salem hawakulazimika kununua mtu hata mmoja. Kama Waters angesema mikono yake ni safi, kisheria angesema kweli.

Mizinga nayo ilionekana, kwa nadra. Agosti 1851 manowari Dale ilifika Nzwani katika Komoro, ambako Sultani Salim alikuwa amemfunga nahodha wa meli ya Kimarekani ya kuvua nyangumi. Kamanda wake alidai fidia ya dola 20,000, akaupiga mji, kisha akaondoka na 1,000. Unguja mambo yalikuwa ya heshima zaidi. Konseli Charles Ward, baada ya ugomvi juu ya mizinga ya saluti kwa bendera yake, alivunja uhusiano na kuondoka mwaka 1850. Washington ikatuma manowari ya moshi, Susquehanna, iliyofika Desemba 1851 kutengeneza jambo. Ikaendelea na safari yake kuelekea mashariki, na Julai 1853 meli hiyo hiyo iliongoza msafara wa Matthew Perry ulioingia ghuba ya Edo na kuilazimisha Japani kufungua milango. Unguja haikulazimishwa, na sababu si upole wa Wamarekani: mlango wake ulikuwa wazi tangu 1833.

Kisha pamba ikakatika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilizifunga bandari za kusini, viwanda vya Massachusetts vikakosa malighafi, na bei ya merikani ikapanda kupita uwezo wa msafara wa kawaida. Waingereza na Wahindi hawakungoja. Nguo zao zikajaza nafasi, na hata baada ya amani Wamarekani hawakurudishiwa soko lote. Baadaye viwanda vya Bombay vikafuma nguo ya namna ile ile, kwa bei ndogo, nayo ikaendelea kuuzwa kwa jina la merikani. Jina lilibaki pwani hata mali ilipokuwa ya wengine.

Kilichowaweka Wamarekani Unguja baada ya hapo ni piano. Katika bonde la Mto Connecticut, vijiji vya Deep River na Ivoryton viliishi kwa pembe za Afrika Mashariki, zilizopendwa kwa kuwa laini na zisizopasuka upesi. Pembe ilikatwa vipande, ikapasuliwa kwa misumeno mizuri hadi ikawa vibamba vyembamba, vikatiwa dawa ya kupausha na kupangwa katika vibanda vya vioo vilivyoelekezwa jua, ambako vilikaa majuma kadhaa vikigeuzwa. Piano moja ina vitufe vyeupe 52, na kila kitufe kilibandikwa vibamba viwili. Kufikia 1909 Marekani ilikuwa inaunda zaidi ya piano 300,000 kwa mwaka. Kampuni ya Arnold, Cheney ya New York iliweka wanunuzi wake Unguja. Walikagua pembe moja moja, wakiigonga na kuichungulia ndani ya uwazi wake kutafuta ufa, au risasi na mawe yaliyotiwa kuongeza uzito. Nyuma ya wanunuzi hao kulikuwa na Tharia Topan, Mhindi aliyekopesha misafara, na nyuma ya Tharia kulikuwa na Hamed bin Muhammad el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeifuata pembe hadi Manyema na Mto Lualaba. Deni lilishuka kutoka New York hadi msitu wa Kongo, na kila mtu njiani alichukua riba yake. Mwenye piano hakuwa na sababu ya kujua majina hayo.

Ulaya ilipoanza kugawana Afrika, Marekani ilitoa mchango mmoja mkubwa, nao ulikuwa wa karatasi. Aprili 1884, baada ya kushawishiwa na Henry Shelton Sanford, aliyekuwa balozi wake Ubelgiji, ikawa dola ya kwanza kuitambua bendera ya chama cha Mfalme Leopold katika Kongo. Iliahidiwa biashara huru, ahadi ambayo Leopold aliikunja mara tu alipokaa sawasawa. Kwa Unguja yenyewe Washington ilijali mkataba wa zamani tu: mwaka 1879 Komodori Robert Shufeldt alifika na manowari Ticonderoga na Sultani wa wakati huo, Seyyid Barghash, akathibitisha kuwa masharti ya 1833 yangali hai. Waingereza walipotangaza himaya yao 1890, Marekani haikupigana wala kununa sana. Mwaka 1905 ikaiachia Uingereza ile haki ya kuhukumu watu wake, na mwaka 1915 ofisi ya konseli ikahamishiwa Mombasa. Alama iliyobaki mitaani ilikuwa ya bati: madebe ya mafuta ya taa, ambayo Marekani iliuza kwa wingi mwishoni mwa karne, yakawa kipimo cha nafaka, ndoo ya maji na, yakikunjuliwa, paa la nyumba.

Wamarekani waliporudi Unguja mwaka 1960, walitaka anga. Mradi wa Mercury, wa kumpeleka binadamu kuizunguka dunia, ulihitaji vituo vya kupokea mawasiliano kila chombo kilipopita, na kimoja kilijengwa Tunguu. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu Februari 1962, mitambo ya Tunguu ilikuwa kazini. Makubaliano yalifanywa na Uingereza, mwenye himaya. Kosa lilikuwa hapo. Wanasiasa wa Unguja walikwisha kukipinga kituo kile hadharani kabla antena hazijasimama, wakihofia kisiwa kugeuzwa shabaha katika ugomvi wa mataifa makubwa, na sauti yao haikuhesabiwa kwa kuwa haikuwa sauti ya mwenye nyumba.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliondoa Sultani mwezi mmoja tu baada ya Mwingereza kuondoka, na kwa hivyo nguzo zote mbili ambazo Wamarekani waliziegemea, Sultani tangu siku za Roberts na Mwingereza baada ya 1890, zikawa hazipo. Tarehe 13 Januari manowari Manley iliwachukua Wamarekani wengi waliokuwapo kisiwani. Washington ilichelewa kuitambua serikali mpya hadi Februari, na kabla ya hapo Rais mpya, Abeid Karume, alimwondoa mwakilishi wake, Frederick Picard, kwa mtutu wa bunduki. Mitambo ya Tunguu ilifunguliwa skrubu na kupakiwa Aprili, mwezi ule ule wa Muungano. Aliyechukua nafasi ya Picard, Frank Carlucci, alijifunza Kiswahili na kujitahidi kumzoea Karume, lakini Januari 1965 naye alifukuzwa kwa tuhuma za njama zilizotokana na maongezi ya simu. Miaka 22 baadaye alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.